Wanapima mawe, nani atapima motokari yetu?

Bandugu, ninyi mulio na baba, kaka ao mutoto anayetumika katika migodi ya Likasi, Fungurume ao Kolwezi, munajua baskule ni nini. Ni ule muzani mukubwa wa kulala chini, karibu na mulango wa kutokea. Kamiyo ya mawe inapanda juu, mutu wa ndani ya kibanda anasoma namba, anaandika, anapiga kashe, kamiyo inaenda. Hakuna kilo ya mukuba inayotoka bila kuandikwa. Kilo ni feza, na feza inahesabiwa.

Pembeni ya baskule hiyo, kila jioni, pikapu inapita bila kusimama. Ndani muko watu 4 wa sondaji wanaoenda poste ya usiku. Mugongoni imebeba nyumba: sanduku la chuma lenye mulango, vitanda, pipa la maji, chupa ya gesi na batri mbili za taa. Hiyo hawaipime. Hakuna anayejua iko na kilo ngapi, hata mwenye kuinunua, hata mwenye kuiendesha.

Njo maana siye ba-delege wa sendika tunaandika leo. Watu wengi wanatujua paka kwa mambo ya mushahara na prime. Leo tunaomba kitu cha bei ndogo kupita mushahara. Tunaomba motokari ipimwe mbele ya kulalisha watu mugongoni mwake.

Nyumba ilikuja namna gani

Mbele, wenzetu wa sondaji walikuwa wanalala chini ya bashi. Mashini ya sondaji inatoboa udongo muchana na usiku, mbali na kambi, na poste zinabadilishana palepale porini. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Katanga inaingia mpaka ndani ya mifupa. Mwezi wa 12 mvua inabeba bashi, godoro na chakula, yote pamoja.

Kisha mukubwa wa kazi wa kampuni moja ya sutretansi (jina hatulitaje, mambo iko bado mikononi mwa inspeksio ya kazi) akaleta nyumba moja ya kupakiza juu ya pikapu, ya okazi, kutoka inje. Ile ilikuwa kitu kizuri: ya aluminiamu na mbao nyepesi, iko na dirisha na kitanda cha sponji. Siku ilipofika tulipiga mikono. Tulisema sendika imepata. Tulipiga hata picha mbele yake. Hatukuuliza ile nyumba iko na uzito gani na ile motokari inaweza kubeba nini. Hilo ni kosa letu la kwanza, tunaliandika sisi wenyewe mbele ya kuandika makosa ya wengine.

Nyuma ya ile ya kwanza, mukubwa akataka ya pili na ya tatu, lakini bei ilikuwa kali. Akaita sudere wa hapa, akamwambia: tengeneza sawa na hii. Sudere alikuwa fundi wa kweli. Nyumba zilitoka zenye nguvu, ukigonga zinalia kama kengele. Lakini alitumia kile alichokuwa nacho: tole ya chuma ya milimita 2 na korniere. Tole ya chuma ya milimita 2, metre kare moja ni karibu kilo 16. Aluminiamu ya unene uleule haifike kilo 6. Kuta nne, sakafu na paa, hesabu metre kare 20, tayari uko na kilo 320 mbele ya kuweka korniere, mulango na vitanda. Sura ilikuwa moja, uzito ulikuwa mwingine. Kwa macho, mutu hawezi kujua.

Ile asubuhi ya ajali

Musimu wa baridi uliopita, moja ya hizo pikapu ilikuwa inarudi, saa kumi na moja ya alfajiri, kati ya Fungurume na Likasi. Kwenye kona ya kuteremuka, kamiyo ikatokea mbele, imekamata katikati ya barabara. Shofere akavuta kidogo kuume, magurudumu yakatoka kwenye lami, akarudisha usukani. Mbele ilirudi, mugongo ukakataa. Nyumba ikaegemea, ikavuta motokari yote, ikalala ubavu.

Hakuna aliyekufa, tunamushukuru Mungu. Lakini mwenzetu mumoja alikuwa amelala ndani ya ile nyumba. Alikuwa ametoka poste, usingizi umemushinda, na kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa masanduku ya karoti, yale mawe marefu ya duara ambayo mashini ya sondaji inatoa chini. Pipa la maji likamuvunja nyonga. Mpaka leo anatembea na fimbo mbili, na bibi yake njo anauza makala ili nyumba ikule.

Rapore ya kampuni ilikuwa na mustari mumoja: shofere alikimbiza. Shofere huyo ni papa wa watoto 5, iko na miaka 19 ya usukani. Wakamusimamisha kazi bila mushahara. Alikuja kwetu jioni, akakaa, akakunywa maji, kisha akasema: "Ba-delege, miye sikukimbiza. Ile motokari tangu zamani haisikie usukani. Nilimwambia mukubwa mara mbili. Alinijibu eti nijifunze kuendesha."

Tulimuuliza: "Papa, kuko mutu alisikia pale unamwambia?"

Akasema: "Kuko motokari ya pili. Hiyo bado iko. Muiulize."

Baskule inasema nini

Basi tukaenda kuiuliza. Tuliomba mukubwa wa usalama wa mugodi atupe dakika 15 kwenye baskule, kati ya kamiyo moja na ingine. Alikubali, na hapa tunamushukuru, juu wengine wangekataa. Mutu wa muzani alicheka: "Ba-delege, leo munauza nini?" Tulimujibu: "Kaka, leo tunauza siye wenyewe. Pima."

Tulipima mara mbili. Mara ya kwanza pikapu tupu, bila nyumba, na mazuti ndani ya tanki: kilo 2.020. Mara ya pili vile inaendaka kazini, na kila kitu na kila mutu: kilo 3.340.

Sasa fungua mulango wa shofere, angalia plake ndogo iliyobandikwa pale, ao soma karatasi za motokari. Utaona herufi PTAC. Ni uzito wote ambao mwenye kutengeneza motokari amekubali: chuma, mazuti, watu, muzigo, vyote pamoja. Kwa pikapu yetu PTAC ni kilo 3.000. Toa 2.020, inabakia 980. Hizo 980 njo muzigo wote unaoruhusiwa, pamoja na shofere mwenyewe. Watu wengi wanasema "pikapu hii inabeba tani moja" na wanafikiri ile tani ni ya nyuma tu. Hapana. Mutu anayekaa mbele na begi lake anakula katika ile tani.

Tuliandika kila kitu kwenye karatasi. Nyumba ya chuma: kilo 480. Maji litre 200: kilo 200, juu litre moja ya maji ni kilo moja. Batri mbili: 60. Chupa ya gesi: 25. Bidoni mbili za mazuti: 40. Magodoro, vyombo, chakula na karoti: 150. Watu 4 pamoja na nguo na viatu vya kazi: 360. Jumla: 1.315. Baskule ilisema 1.320, juu inahesabu kwa ishirini ishirini. Kalamu na muzani walisikilizana.

Maana yake kila usiku ile motokari inatoka na kilo 340 kupita ruhusa. Hata ukiitosha maji yote, bado imepita.

Lakini hiyo haikuwa mbaya kupita zote. Tulimwambia shofere apandishe magurudumu ya mbele peke yake juu ya baskule, kisha ya nyuma peke yake. Tupu, mbele ilikuwa na kilo 1.180 na nyuma 840. Na muzigo, nyuma ilipanda mpaka 2.180. Plake ya ponti ya nyuma inasema 1.700. Na mbele? Mbele ilishuka: 1.160. Watu 4 wamepanda ndani, na magurudumu ya mbele yamekuwa mepesi kupita pale motokari iko tupu!

Mutu wa muzani aliacha kucheka. Yeye njo alitueleza, juu anaona kamiyo kila siku: "Muzigo yenu iko nyuma ya ponti. Inafanya sawa mutoto anakaa ku mwisho ya ubao, upande ingine unapanda."

Njo ile ambayo papa shofere alikuwa anasema. Usukani unageuza magurudumu ya mbele. Kama magurudumu ya mbele hayakamate barabara vizuri, unageuza, motokari inafikiri kwanza. Freni pia: kazi kubwa ya kusimamisha inafanywa na magurudumu ya mbele. Mutu alilia mara mbili, wakamwambia ajifunze kuendesha.

Kwa nini mbele ilikuwa nyepesi? Juu ni pikapu ya kabine mbili. Kabine ya pili imekula nafasi, sehemu ya kupakia ikabakia fupi, imesukumwa nyuma. Nyumba ikiwekwa pale, nusu yake inaning'inia inje. Na sudere aliweka pipa la maji kwenye ukuta wa mwisho kabisa, karibu na mulango, ili mutu ajaze bila kuingia ndani. Kilo 200 kwenye mwisho wa ubao. Pikapu ya kabine moja, yenye kitanda kirefu cha muzigo, ingeweka uzito mwingi mbele ya ponti, na pipa lingekuwa karibu na kabine. Kuna tofauti kubwa hapo, na haiombe feza nyingi, inaomba mutu afikiri mbele ya kulehemu.

"Lakini tuliongeza lame"

Tulipeleka ile karatasi kwa mukubwa. Alitupokea vizuri, alitupa viti. Alisema: "Ba-delege, muliona nyuma imekaa sawa, haijainama. Tuliongeza lame mbili kila upande."

Bandugu mashofere, tusikilizane hapa, juu hata katika sisi wengi wanaamini hivyo. Lame ya ziada inanyanyua mukia. Haiongeze nguvu ya ponti, haiongeze freni, haiongeze pine, na haiandike upya plake. Motokari iliyoinama nyuma inakuambia kwamba imeelemewa. Ukiongeza lame, umeifunga kinywa tu. Uzito bado uko pale, na sasa shasi njo inabeba yote kimyakimya, mpaka siku inapinda nyuma ya kabine. Lame ni nzuri kama uko bado ndani ya kilo za ruhusa na unataka motokari isiyumbe. Kazi ya lame inaishia hapo.

Angalia pine vilevile. Kwenye ubavu wa pine kuna namba na herufi. Zetu ziliandikwa 112S. Ile 112 maana yake pine moja inabeba kilo 1.120, ikiwa mupya na hewa yake imejaa. Mbili za nyuma ni 2.240. Ponti yetu iko na 2.180. Imebakia kilo 60, uzito wa kijana mumoja. Na pine zetu ni za okazi, zimekauka jua, na hewa inaongezwa kwa kupiga teke, bila kupima. Pine yenye hewa ndogo na muzigo mwingi inapata moto, na pine yenye moto inapasuka. Haipasuke garajini, inapasuka kwenye kona.

Tuliangalia pia vile nyumba imefungwa. Imefungwa kwa waya na bulo nne zilizopita katika tole ya kitanda cha pikapu. Tole ile ni nyembamba, inapasuka kama karatasi, na pale mbele tayari tuliona ufa. Nyumba ya namna hii inafungwa kwenye shasi yenyewe, pembe zote nne, na vyuma vya kukaza kwa kuzungusha, na chini yake wanaweka kipande cha mpira kinene ili isiteleze. Kisha baada ya kilometa za kwanza shofere anasimama, anashuka, anakaza tena. Yetu hakuna aliyewahi kukaza.

Na tiyo ya moshi? Kwa kuwa nyumba inapita inje ya mukia, tiyo inaishia chini ya sakafu yake. Moshi unapanda kwenye matundu ya sakafu. Usiku wa baridi watu wanaziba madirisha na nguo, na wengine wanaingiza mbabula ya makala ndani. Hapa tunasema kwa sauti kubwa, na tunasema kwa wenzetu kwanza, si kwa patro: gesi ya makala haina harufu, haikuamushe. Unalala na haurudi. Mbabula hapana, hata dakika tano. Na jiko la gesi, dirisha wazi.

Wenzetu wa Marekani wanafanya, lakini wanapima

Mukubwa alikuwa na neno lingine. Alisema: "Hata Marekani watu wanabeba nyumba juu ya pikapu, na hawafi." Kweli, wanabeba. Kule ni kitu cha mapumziko. Papa anapakia bibi na watoto, wanaenda kuona milima, wanalala njiani bila kulipa hoteli. Sisi tumechukua nyumba ya raha, tumeifanya nyumba ya kazi. Hatuone ubaya hapo.

Lakini tusichukue nyumba na kuacha sheria yake. Marekani, mwenye kutengeneza nyumba ya namna ile analazimishwa kubandika juu yake karatasi ya uzito, pamoja na maji na gesi vikiwa vimejaa. Na mwenye kutengeneza pikapu analazimishwa kumwambia mununuzi muzigo gani inaweza kubeba, na kiini cha uzito wa nyumba kiangukie wapi katika kitanda. Mununuzi analinganisha karatasi mbili, ndipo anapakia. Kama watu wanaoenda kupumzika wanapimiwa hivyo, mutu anayetoka poste ya saa 12 na usingizi machoni anastahili kupimiwa mara mbili.

"Munataka warudi chini ya bashi?"

Neno hili halikutoka kwa mukubwa. Lilitoka kwa wenzetu wenyewe, na njo linaloumiza. Kijana mumoja wa sondaji alitusimamisha kwenye soko: "Ba-yaya, mukipiga kelele sana, watatuondolea nyumba. Baridi itatukamata siye, si ninyi."

Tunamuelewa. Tumelala chini ya bashi mbele yake. Njo maana tunataka isikilikane vizuri: hatukatae nyumba. Tunakataa motokari isiyoweza kuibeba. Na njia ziko, hata mbili tatu.

Njia ya kwanza ni kupunguza. Maji yasisafiri na watu. Yaende na kamiyo ya mazuti inayoenda palepale kila siku. Karoti ziende nayo. Tole ya chuma itoke, kuta ziwe za aluminiamu ao mbao nyepesi. Watu wawili wapande, si wane. Lakini musidanganyike: kupunguza bila kusogeza uzito mbele ya ponti ni nusu ya kazi. Lazima kurudi kwenye baskule na kupima magurudumu ya nyuma peke yake.

Njia ya pili ni kubadilisha motokari: kabine moja, kitanda kirefu, ya aina nzito zaidi, ao kakamiyo kadogo. Watu wanaenda na motokari ingine.

Njia ya tatu ni rahisi kupita zote, na hakuna aliyeifikiria: nyumba isafiri mara moja tu. Ifikishwe kwenye sondaji bila mutu, ishushwe juu ya miguu minne ya chuma, ibakie pale mwezi muzima mpaka mashini ihame. Nyumba za namna hii zilitengenezwa ili zishuke. Watu wanakuja na kurudi katika pikapu nyepesi, wamekaa kwenye viti, wamefunga mikanda. Nyumba ni ya kulala, haina haja ya kukimbia kwenye lami kila alfajiri.

Mambo ya sheria

Wengine watasema sendika inaingilia mambo ya garaji. Hapana. Kode ya kazi ya mwaka 2002 imeweka katika kazi komite ya usalama na usafi. Kama komite hiyo haiwezi kuangalia motokari inayobeba wafanyakazi, itaangalia nini, maua ya mbele ya biro? Na ajali iliyotokea mutu akiwa katika safari ya kazi ni ajali ya kazi. Inaandikwa, inapelekwa CNSS. Kuandika "shofere alikimbiza" hakufute hiyo.

Kuna pia sheria ya mwezi wa 2 mwaka 2017 juu ya sutretansi. Iliweka kazi hizo mikononi mwa kampuni za Wakongomani. Tuliifurahia, na bado tunaifurahia. Tunataka mutoto wa inchi apate soko. Lakini nyonga iliyovunjika katika motokari ya Mukongomani inauma sawasawa na iliyovunjika katika motokari ya mugeni. Na kampuni kubwa yenye mugodi isituambie "hao ni watu wa sutretansi". Pikapu inapita mulango wake, inapita pembeni ya baskule yake. Kama mulinzi anaweza kusimamisha motokari ili atafute jiwe moja la kobalti chini ya kiti, anaweza kuisimamisha ili asome namba ya uzito.

Tunaomba nini

Tunaomba vitu 5, tumeviandika katika barua, na tunavirudilia hapa ili kila mutu asome.

1. Kila motokari inayobeba wafanyakazi ipande baskule mara moja kila mwezi vile inaendaka kazini, yote pamoja, kisha ponti ya nyuma peke yake. Karatasi ya namba ibandikwe ndani ya kabine, pembeni ya plake, shofere aione.

2. Hakuna mutu ndani ya nyumba motokari ikitembea. Hakuna. Hata mwenye kulala, hata mugonjwa.

3. Nyumba ifungwe kwenye shasi, pine ziwe za namba inayofaa na zipimwe hewa, tiyo ya moshi irefushwe mpaka inje ya nyumba, mataa ya nyuma yaonekane.

4. Shofere akisema motokari haisikie usukani, neno lake liandikwe katika kitabu, na motokari isitoke mbele ya kuangaliwa. Asijibiwe kwamba ajifunze kuendesha.

5. Papa shofere arudishwe kazini na alipwe miezi yake. Namba za baskule zimesema mahali pake.

Kwa ba-delege wenzetu wa kampuni zingine: musingoje ajali yenu. Chukueni kalamu, someni plake, ombeni dakika 15 kwenye baskule. Mukikataliwa, pakieni kila kitu kwenye muzani wa soko, kimoja kimoja, muandike. Hesabu ya kujumulisha na kutoa tulijifunza wote katika primere, haiombe enjenyere.

Motokari ya pili, ile tuliyopima, bado inatumika. Mukubwa alisema atajibu barua yetu. Tunamungojea, hatujakata tamaa naye. Lakini leo saa kumi na mbili ya jioni itapita tena pembeni ya baskule na kilo zake 3.340, watu 4 ndani yake, na hakuna atakayeisimamisha.